Masomo ya kariloni kutoka Ubelgiji, mwanafunzi yuko Moshi

Kama wewe ni mpiga kinanda wa kanisa, mwalimu wa kwaya, au umekabidhiwa kengele za mnarani, masomo haya ya kariloni, yaani ya kupiga kengele nyingi za mnarani kwa kinanda, yanastahili fedha yake. Nimelipa mwenyewe, bei kamili, na hakuna aliyeniomba niandike. Kama unatafuta cheti cha muziki, au unataka mtoto wako ajue piano, usiingie huku. Chuo Kikuu cha Makumira pale Usa River wana shahada ya muziki, na mwalimu utakuwa naye darasani ana kwa ana.

Mwalimu ninayemzungumzia ni mama wa Flanders, Ubelgiji, ambaye riziki yake yote inatoka kwenye kengele. Anapiga kariloni ya mji wake, anafundisha, na siku hizi anapokea wanafunzi wachache wa mbali kwa video. Jina lake silitaji kwa sababu hakutaka kutangazwa. Walimu wa aina yake wapo kadhaa Ubelgiji, Uholanzi na Marekani, na mengi nitakayosema yatakufaa hata ukimpata mwingine.

Kariloni ni kengele zisizopungua 23, za shaba iliyochanganywa na bati, zimetundikwa mnarani na kupangwa kwa nusu toni kama funguo za piano. Nyingi zina oktava nne, yaani kengele karibu 50. Kengele zenyewe hazibembei kama zetu. Zimefungwa palepale, na kinachotembea ni ulimi tu, unaovutwa kwa waya kutoka kwenye kinanda cha vijiti vya mbao kilicho katika chumba cha chini yake. Mpigaji hukaa kwenye benchi, hushusha vijiti kwa ngumi iliyolegea, na kwa miguu hukanyaga pedali zinazoshika kengele kubwa. Umeme haumo katika safari hiyo ya kutoka mkono hadi kengele. Ukishusha kijiti kwa upole, kengele inaita kwa upole.

Afrika nzima vyombo vya namna hii ni vya kutafuta. Cape Town wanayo moja kwenye Jumba la Jiji, iliyotengenezwa na kiwanda cha Taylor cha Loughborough, Uingereza. Sisi usharikani kwetu, kwenye njia ya kupandia Old Moshi, tuna kengele tatu za kamba, na ndizo zilizonifikisha kwa mwalimu huyu. Vijana wa kipaimara walikuwa wanazivuta kila mtu na nguvu zake, zinagongana, na watu walishazoea. Mimi sikuzoea. Nimepiga kinanda tangu nikiwa msichana, nimefundisha kwaya, na kila nilipouliza kengele zipigwe vipi, nilijibiwa kwamba zinavutwa tu.

Somo la kwanza sikupiga noti hata moja. Aliniambia nipande mnarani na simu, nipige picha maandishi ya kila kengele, halafu nirekodi moja moja, na nisizime simu mpaka mlio uishe kabisa. Kumbe hiyo peke yake ilikuwa somo. Kengele yetu kubwa inaendelea kusema muda mrefu baada ya watu kudhani imenyamaza. Alipoona picha alitambua neno Bochum kwenye ukingo, akaniambia kengele zetu si za shaba, ni za chuma kigumu cha kumimina (steel) kutoka Ujerumani. Kiwanda cha Bochum kilianza kumimina kengele za chuma hicho katikati ya karne ya 19, na kwa kuwa zilikuwa rahisi kuliko za shaba, zilikwenda kwenye makanisa mengi yasiyo na fedha na kwenye misheni. Adui yake ni kutu. Akaniuliza boliti zinazoshika kengele zikoje. Tulipompandisha fundi, alikuta moja imeliwa vibaya. Kengele ya uzito ule, na chini yake watoto wa Jumapili! Wazee wa kanisa walioguna kuhusu masomo haya hawakuguna tena baada ya siku hiyo.

Masomo yaliyofuata yalikuwa ya kusikiliza, na hapa ndipo ninapompa mwalimu huyu alama zote. Kengele nzuri haitoi sauti moja. Kuna mlio wa chini kabisa, oktava moja chini ya ule unaousikia ikigongwa. Kuna ule wenyewe. Juu yake kuna mlio ulio umbali wa la na do, halafu wa tano, halafu oktava. Huo mlio wa la na do ndio unaoipa kengele majonzi hata ikipigwa siku ya harusi. Wamiminaji wa zamani walikuwa wanabahatisha. Waliokuja kuupanga mlio huo kwa hakika ni ndugu wawili, François na Pieter Hemony, walipotengeneza kengele za Zutphen, Uholanzi, mwaka 1644, wakiongozwa na masikio ya Jacob van Eyck, mpiga kengele wa Utrecht aliyekuwa kipofu. Walikwangua shaba kidogo kidogo ndani ya kengele mpaka kila mlio ukakaa mahali pake. Van Eyck aliweza kuamsha mlio mmoja ndani ya kengele bila kuigusa, kwa kupiga mluzi tu.

Mwalimu akataka nami nijaribu kwa sauti ya kuimba. Nikasogeza uso karibu na ukingo, nikaimba noti moja kwa kuivuta, nikanyamaza ghafla. Kengele ikanijibu. Kidogo sana, lakini ilijibu noti ileile. Kijana aliyekuwa na mimi alirudi nyuma hatua. Tangu siku hiyo yeye ndiye kiongozi wa wapiga kengele wetu, na hajawahi kuchelewa.

Kisha tukaingia kwenye nyimbo. Nilimtumia wimbo wa Krismasi wa sauti nne, kama ulivyo kitabuni. Ulirudi umebaki mistari miwili na noti chache za chini, na maelezo marefu pembeni. Kwenye kwaya tunajivunia sauti nne kamili. Kwenye kengele hizo nne zinaharibika, kwa sababu kila kengele tayari imebeba la na do yake ndani, na ukiigonga do pamoja na mi kwenye kengele kubwa, milio iliyofichika inagombana na ile uliyoandika. Kengele kubwa pia hazinyamazi unapotaka. Huwezi kuinua mguu kama kwenye kinanda cha kanisa na sauti ikakatika. Noti ya chini uliyoipiga sasa itakuwa bado inaongea mistari miwili mbele, wimbo ukiwa umehama. Ndogo za juu, kinyume chake, zinakufa upesi. Ndiyo maana wapigaji wa Ubelgiji hugonga kengele mbili ndogo kwa kupokezana haraka ili noti ndefu isikauke, mtindo ambao Jef Denyn wa Mechelen aliusambaza kwa wengi.

Kwa hiyo kazi ya kupanga wimbo inaanzia mwishoni. Unajiuliza noti hii itakuwa wapi wakati ile inaingia. Sauti ya nne haitembei, inagongwa mwanzo wa mstari na kuachwa. Sauti ya tatu mara nyingi inaondoka kabisa. Nilipinga mwanzoni, nikamwambia wimbo umevuliwa nguo. Alinipigia matoleo yote mawili kwenye kinanda chake cha mazoezi na kuniacha nisikie mwenyewe. Sikuwa na la kujibu.

Kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba somo hili limewafaa zaidi watu wa matarumbeta. Sisi watu wa Kilimanjaro tunazika kwa tarumbeta, tunaoa kwa tarumbeta, na Krismasi bila tarumbeta haijafika. Kundi letu lilikuwa na tabia ya kurundika sauti nzito chini, na uwanjani yanasikika mavumo tu. Nilitumia kanuni zilezile: chini pawe na nafasi, juu pasongamane. Baba Mchungaji alisema maneno ya wimbo sasa yanasikika hata kama hakuna anayeimba. Sijui kama alijua ametoa sifa kubwa kiasi gani.

Niseme sasa kuhusu matatizo ya kusoma kengele kwa mtandao, maana yapo na ukiyapuuza utapoteza fedha. Programu za mikutano ya video zimetengenezwa kusafirisha maneno ya watu. Zikisikia mlio unaoendelea bila kubadilika, zinauhesabu kuwa ni kelele za feni au jenereta, na kuufuta. Kwa mwanafunzi wa kengele ni balaa, kwa sababu unachotaka kukisikia ni huo mlio. Masomo ya mwanzo mwalimu alikuwa anasikia pigo moja, kisha kimya. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako, uzime kila kitu kinachopunguza kelele, na uwashe kipengele cha sauti halisi kama kipo. Kwa kazi ya maana, rekodi kwenye simu na utume rekodi hiyo kama faili. Usiitume kama ujumbe wa sauti, kwa sababu huko nako inabanwa na kupoteza milio ya juu.

Mtandao wenyewe ulikatika mara kwa mara, na siku umeme ukiondoka somo linaahirishwa. Mwalimu hakunitoza kwa siku hizo. Angalia pia saa. Ubelgiji wanarudisha saa nyuma mwisho wa Oktoba na kuisogeza mbele mwisho wa Machi, kwa hiyo somo langu la saa kumi na mbili jioni linahamia saa moja usiku bila mtu kubadilisha kitu. Julai na Agosti hapatikani kirahisi, ni miezi ya matamasha kwao. Na vitabu anavyotumia ni vya Kiingereza, vingine Kidachi. Mtu asiyesoma Kiingereza atapata tabu kweli, na hili ni pungufu ambalo mwalimu hana dawa yake.

Tatizo kubwa kuliko yote ni kinanda. Huwezi kujifunza ngumi na miguu kwenye piano ya umeme. Kule wanafunzi wanafanyia mazoezi kwenye kinanda cha vijiti kilichofungwa vipande vya chuma badala ya kengele, ili mji usisikie makosa yao. Kununua kimoja na kukisafirisha hadi Moshi sikuthubutu hata kuuliza bei. Mwalimu alinitumia mchoro wenye vipimo, nami nikaupeleka kwa fundi seremala wa Majengo, mtu wa vitanda na mabenchi ya kanisa.

Aliuangalia muda mrefu. "Mama Mwalimu, hiki ni kinanda au ni chanja?" Nilimwonyesha video. Akaiomba tena. Akaiomba ya tatu, akaanza kupima kwa vidole hewani. Vijiti alichonga kwa mninga, vimekaa mkononi vizuri, na fremu ni ya mgrivea kutoka mlimani. Badala ya kengele tulitumia mabomba ya chuma tuliyonunua kwa wauza vyuma chakavu, ya unene mmoja. Kanuni ya mabomba mwalimu alinifundisha, nami naiandika hapa kwa sababu shule yoyote inaweza kuitumia. Bomba la sentimita 100 likikupa noti fulani, oktava ya juu yake utaipata kwenye sentimita 71 hivi, na oktava mbili juu kwenye sentimita 50. Kila nusu toni inapunguza urefu kwa karibu asilimia 3 ya ule uliotangulia. Litundike kwa kamba kwenye sehemu mbili, kila moja ikiwa mbali na ncha kwa asilimia 22 ya urefu wa bomba, kwa sababu hapo chuma hakitikisiki na kamba haitaua mlio. Kata refu kidogo, kisha punguza kwa tupa huku unasikiliza. Ukishapitiliza hakuna kurudi.

Tumepata oktava mbili, vijiti 25, na pedali za noti za chini. Kwa uzito, fundi alifunga nati kubwa za lori nyuma ya vijiti vya chini na ndogo kwa vya juu, ili mkono usikie kwamba chini pana kengele nzito. Hilo lilikuwa wazo lake mwenyewe, halikuwepo kwenye mchoro. Mwalimu alipoliona aliniomba nimgeuzie kamera atazame vizuri, akamwita fundi "mwenzangu". Pungufu la kinanda hiki ni kelele ya mbao kwa mbao. Tumebandika vipande vya mpira wa tairi na bado kinagonga. Waya pia zinalegea, kila baada ya muda unazikaza.

Nimeona cha kulinganisha nacho. Usharika wetu una urafiki na usharika mmoja wa Ujerumani, na nilipokwenda na ujumbe wa kanisa nikaunganisha treni hadi Ubelgiji. Mwalimu alinipeleka kwanza Mechelen, kwenye mnara wa Mtakatifu Rumbold, wenye mita 97 na ngazi 538. Mtu aliyekulia kwenye miteremko ya Old Moshi hapati shida na ngazi. Mle juu kuna kariloni mbili, ya zamani na ya sasa, kila moja ya kengele 49, na kengele kubwa ina zaidi ya tani 8. Katika mji huo ndiko Denyn alikoanzisha matamasha ya Jumatatu jioni mwaka 1892, watu wamesimama barabarani wakisikiliza, na mwaka 1922 akaanzisha shule ya kwanza duniani ya kufundisha kazi hii. Shule ipo mpaka leo, ina jina lake, na mwalimu wangu alihitimu pale.

Siku iliyofuata tulipanda mnara wake yeye, mfupi zaidi. Kabla ya kupiga alizunguka nyuma ya kinanda na kukaza waya moja moja kwa skrubu ndogo, kwa sababu baridi ya usiku imeufupisha waya na joto la mchana litaurefusha, na kijiti kisiporekebishwa ulimi utakuwa mbali na kengele au utaigusa na kuikwaruza. Hilo halifundishiki kwa mtandao. Kisha akaniweka kwenye benchi. Nilipiga wimbo wetu wa Krismasi, ule uliopunguzwa, na ilikuwa bado mwezi wa sita. Kijiti cha kengele ndogo ni chepesi kuliko cha fundi wangu. Kile cha kengele kubwa kinataka mgongo mzima. "Usipige," akaniambia, "sukuma, kaa karibu na kijiti kabla hujakishusha." Maneno hayo alikuwa amenieleza kwa video tangu mwanzo. Mkono wangu uliyaelewa pale. Niseme kweli, kama mtu angeweza kusoma kwa video tu bila kugusa chombo halisi, angefika mahali na kukwama. Si lazima Ulaya, lakini ukipita Cape Town tafuta nafasi.

Nilichojifunza juu ya kazi yenyewe kinastahili kusemwa, kwa sababu vijana wangu wanauliza kama mtu anaweza kuishi kwa kengele. Anaishi, lakini kwa kuunganisha. Mji unamlipa mpigaji wake, na mara nyingi malipo ya mnara mmoja hayatoshi, hivyo wengi hushika miji miwili au zaidi. Anapiga siku ya soko, anapiga sikukuu, anapiga mtu mkubwa wa mji akifariki. Anachagua nyimbo zinazojipiga zenyewe kila robo saa, na wananchi humwandikia wakilalamika zikikaa muda mrefu bila kubadilishwa. Nyimbo karibu zote anazipanga mwenyewe kwa mkono wake, kwa kuwa kengele za mnara mmoja hazilingani na za mwingine kwa idadi wala tabia. Majira ya joto anasafiri kupiga minara ya wengine. Kufundisha ndiko kunakojaza mwezi. Marekani nako wana chama cha wapiga kariloni wa Amerika Kaskazini tangu 1936, chenye mtihani wake, na vyombo vikubwa mno. Kengele kuu ya Riverside Church, New York, ina zaidi ya tani 18, na mpigaji anaigonga kwa mguu.

Mwalimu alinieleza jambo kuhusu wasikilizaji ambalo limenibadilisha kama mwanamuziki. Mpiga piano ana watu waliokata tiketi. Mpiga kariloni anapiga kwa mama wa sokoni, kwa mgonjwa aliyelala, kwa mtu aliyetoka kugombana na mwenzake, na hakuna hata mmoja aliyemwomba. Hamwoni anayemsikiliza, na msikilizaji hamwoni yeye. Mwaka 2020, watu wa miji ya kwao walipofungiwa ndani na kumbi zote zimefungwa, wapiga kariloni waliendelea kupanda minara yao na kuwapigia watu waliosimama madirishani. Alisimulia bila kujisifu. Alisema ilikuwa wiki ya kazi ya kawaida, isipokuwa barua zilizokuja.

Akanipa zoezi: nani anakaa karibu na mnara wenu? Mwache kijana apige, wewe tembea. Nilizunguka kanisa, nikapita migombani, nikatelemka njia ya kuelekea Kiboriloni huku nikisimama kila kona. Karibu kabisa na mnara sauti ni kali na inachosha. Mbali kidogo, bondeni, ndipo kengele zote tatu zinasikika pamoja vizuri. Nyumba iliyo chini ya mnara ina bibi mgonjwa wa miaka mingi. Nilibisha hodi, nikamsalimu shikamoo, nikamuuliza kengele ya saa kumi na moja alfajiri anaionaje. Alisema anaipenda, ila ni ndefu, na inamwamsha akiwa ndiyo kwanza maumivu yamempa nafasi ya kulala. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Sasa alfajiri tunapiga kengele ndogo peke yake, kwa muda mfupi, na Jumapili tunapiga zote. Masomo ya Ulaya yamebadilisha usingizi wa bibi wa Old Moshi, na hiyo pekee kwangu ni sababu ya kuyasifu.

Mzee mmoja wa kanisa alinishauri kwa nia njema. "Mama Mwalimu, hizo hela si tungenunua spika? Kule mjini wanabonyeza tu, zinapiga kengele za Ulaya." Nimezisikia. Ni rekodi nzuri. Lakini sauti inatoka upande mmoja, inakatwa kabla haijafa, na kila Jumapili ni ileile hata kama kanisani kuna msiba. Hakuna kijana anayejifunza kitu kwa kubonyeza. Nilimjibu hivyo, kwa heshima, nikampandisha mnarani akaimbe karibu na kengele. Aliimba besi yake. Kengele ilimjibu na yeye.

Bei. Somo la saa moja ni euro 45, kama laki na thelathini kwa fedha yetu, na benki inakata yake juu. Ni ghali kwa mwalimu wa shule, sikatai. Mimi nachukua somo moja kwa mwezi na kulifanyia kazi mwezi mzima. Kuchukua kila wiki ni kuitupa fedha, kwa sababu kengele hazikubali haraka. Upangaji wa wimbo anatoza peke yake, na huo ndio sehemu ambayo usharika unaweza kuchangia, kwa kuwa karatasi inabaki kwenu. Ukitaka kumwandikia mwalimu wa aina hii, usianze na historia yako ya muziki. Tuma picha za kengele, maandishi ya ukingoni, kipenyo cha mdomo wa kila moja kwa sentimita, na rekodi ya kila moja mpaka kimya. Utajibiwa haraka zaidi.

Fundi wa Majengo anapokea oda ya kinanda kingine. Anasema safari hii atafunga vipande vya ngozi badala ya mpira wa tairi, na mabomba mje nayo wenyewe, yeye hakati chuma.